Brugge na mama mwenye magoti mabovu: laleni usiku mmoja, msiende na kurudi

Mkuu aliyefungua uzi ameuliza hivi: anakwenda Brussels mwezi wa nne kumsalimia dada yake, anafuatana na mama yake wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua, wana siku mbili huru na wanataka kuuona mji wa kale wa Brugge. Waende asubuhi na kurudi jioni, au walale? Mama atauweza mji ule? Chakula cha Muislamu kitapatikana? Mchangiaji mmoja akamjibu kwamba Brugge imejaa watalii tu, aachane nayo aende Gent. Nayajibu yote hapa, na kwa urefu, maana majibu mafupi ndiyo yanayowarudisha watu wakisema mji ni mzuri lakini tulichoka na hatukuona kitu.

Laleni. Usiku mmoja unatosha, na huo usiku mmoja ndio unaobadilisha safari nzima. Watalii wengi wa Brugge hawalali. Treni za kutoka Brussels na mabasi ya abiria wa meli kubwa zinazotia nanga Zeebrugge huwamwaga mjini kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na kuanzia saa 10 jioni huanza kuwazoa. Na wote hupita njia moja: ziwa la Minnewater, makazi ya Begijnhof, kanisa la Onze-Lieve-Vrouwekerk, kona ya Rozenhoedkaai, uwanja wa Burg, kisha uwanja mkuu wa Markt. Njia hiyo saa 6 mchana ni msongamano wa bega kwa bega. Saa 2 asubuhi unasikia nyayo zako mwenyewe. Anayelala anapata mji mara mbili, jioni baada ya saa 11 na asubuhi kabla ya saa 4. Kwa mama mwenye magoti mabovu faida ni kubwa zaidi, kwa sababu anaweza kurudi chumbani kupumzika ile saa ambayo mji umefurika, halafu akatoka tena mawe yakiwa matupu.

Siku za kuchagua: nendeni Jumanne mchana, rudini Jumatano jioni. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Jumamosi na Jumapili wenyeji wa Ubelgiji wenyewe huja, na bei za vyumba hupanda. Mwezi wa nne una jambo jingine: likizo ya Pasaka ya shule za Flanders, eneo la Ubelgiji ambamo Brugge imo, na likizo hiyo huchukua wiki mbili. Ikiangukia tarehe zenu, chumba kitafutwe mapema.

Sasa treni. Hapa ndipo Waswahili wengi wanaozoea Kifaransa, hasa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda, hujikanganya. Ubelgiji ina lugha zaidi ya moja na vibao vya vituo hufuata lugha ya eneo. Mkiwa Brussels mtaona majina mawili: Bruxelles-Midi ndiyo Brussel-Zuid, kituo kilekile. Treni ikishaingia Flanders, vibao na matangazo ni Kiholanzi peke yake. Bruges inaandikwa Brugge, Gand ni Gent, Anvers ni Antwerpen, Courtrai ni Kortrijk, na Lille ya Ufaransa inaitwa Rijsel. Anayesubiri kusikia "Bruges" anaweza kujikuta ameishia Oostende, baharini. Na mkifika huko msianze mazungumzo kwa Kifaransa. Suala la lugha Flanders lina historia nzito, na ingawa watu ni wastaarabu, Kifaransa cha ghafla hakipokewi vizuri kila mahali. Semeni "Goedendag", kisha endeleeni kwa Kiingereza. Mlango unafunguka.

Treni za kupanda ni zinazoelekea Oostende, Knokke au Blankenberge. Mwendo kutoka Brussel-Centraal ni kama saa moja. Pandieni Centraal, au hata Brussel-Noord kama dada yako anaishi upande huo, msipandie Zuid. Sababu ni hii: treni za kwenda pwani hupita Noord, kisha Centraal, kisha Zuid, na Zuid ndiko kundi kubwa linakopanda, hasa wanaoshuka kwenye treni za kimataifa. Ukipandia kabla yake mama anapata kiti. Hakuna kuhifadhi viti kwenye treni za ndani, na tiketi ya kawaida haikufungi kwenye treni moja. Unapanda yoyote ya siku hiyo. Kwa hiyo msihangaike na watu wanaouza tiketi kwa "muda maalumu". Nunueni kwenye programu ya simu ya shirika la reli, NMBS kwa Kiholanzi na SNCB kwa Kifaransa, au kwenye mashine ya kituoni. Angalieni sehemu ya umri: aliyefikisha miaka 65 ana nauli nafuu, awe raia au mgeni, ila awe na pasipoti mkononi mkaguzi akipita. Kununua ndani ya treni kunaongeza gharama, na kukaa kwenye behewa lenye namba 1 ukiwa na tiketi ya daraja la 2 ni faini, hata kama behewa ni tupu. Mabehewa ya zamani yana ngazi mbili tatu za juu mlangoni. Mama apande kwanza, begi lifuate.

Mkiwa Zuid kwa sababu yoyote ile, mkoba uwe mbele ya kifua. Kituo hicho kina wezi wa mifukoni, na mbinu yao ni ileile ya Kariakoo: mmoja anakuuliza kitu, mwingine anafanya kazi.

Kituo cha Brugge kiko nje kidogo ya mji wa kale. Kutoka hapo hadi Markt ni mwendo wa dakika 20 kwa mtu mzima wa afya, dakika 35 kwa mama. Msitembee na mabegi. Mawe yale ya barabarani hula magurudumu ya begi, na goti bovu linaumia juu ya mawe, kwa sababu kila hatua mguu unakanyaga upande. Mbele ya kituo kuna mabasi ya De Lijn yanayoingia katikati. Nauli ni takriban yuro 3 kwa mtu na unaweza kugusisha kadi ya benki kwenye kifaa ndani ya basi. Kama mmefika kabla ya muda wa kupokelewa hotelini, kituoni kuna makabati ya kuhifadhia mizigo.

Kuhusu chumba kuna swali moja la kuuliza kabla ya kulipa: "Kuna lifti?" Nyumba za Brugge ni nyembamba na ndefu kwenda juu, na nyingi zinazopangishwa wageni zina ngazi za mbao zilizosimama wima kama za kupandia darini. Picha hazionyeshi ngazi. Kama hakuna lifti, ombeni chumba cha chini na mpate jibu kwa maandishi. Mahali pazuri ni ndani ya ule mzunguko wa mfereji unaofanya mji wa kale uwe kama yai ukiutazama kwenye ramani, lakini si juu ya Markt kwenyewe. Mitaa ya Sint-Anna upande wa mashariki na Sint-Gillis upande wa kaskazini ni kimya, bei hupungua, na kutoka huko hadi katikati ni dakika 10.

Kabla ya ratiba, maneno machache juu ya kwa nini mji uko vile, kwa sababu bila hayo unaona majumba tu. Brugge ilikuwa bandari tajiri. Sufu ya Uingereza ilishuka hapo, vitambaa vya Flanders vikapanda, na wafanyabiashara wa Venice, Genoa na miji ya Kijerumani wakafungua ofisi zao. Kulikuwa na nyumba ya wageni ya ukoo wa Van der Beurze ambako wafanyabiashara walikutana, na jina lao ndilo linalotajwa kuwa chanzo cha neno la Ulaya la soko la hisa, beurs au bourse. Utajiri wote ulitegemea mkono wa bahari uitwao Zwin. Mkono huo ukajaa mchanga na tope, na kufikia mwisho wa karne ya 15 meli kubwa hazikuweza kufika, biashara ikahamia Antwerpen. Brugge ikawa maskini kwa karne kadhaa, na umaskini ndio uliouhifadhi: hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. UNESCO iliuandikisha mji wa kale wa Brugge kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka uleule wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Anayeijua Shangani au Malindi ya Unguja atauelewa mji huu haraka, pamoja na tatizo lake la nyumba za wenyeji kugeuka vyumba vya wageni.

Jumanne mkifika, tuseme saa 8 mchana, wekeni mizigo, mama apumzike, kisha shukeni kwenye mashua kama saa 10 jioni. Mifereji ya ndani wenyeji huiita Reien. Mashua za watalii hufanya kazi takriban kuanzia mwezi wa tatu hadi katikati ya mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo mwezi wa nne mko salama. Vituo vya kupandia ni vitano, vyote karibu na katikati, bei ni moja na njia ni ileile, kwa hiyo msipoteze nusu saa kwenye foleni ya Rozenhoedkaai wakati kituo cha jirani kina watu kumi. Safari ni nusu saa na bei ni takriban yuro 15 kwa mtu mzima. Kwa mama hiki ndicho kitu kimoja ambacho hakipaswi kukosa, kwa sababu ataona bila kutembea kile ambacho wengine wanakizunguka saa nzima. Ugumu uko kwenye kushuka: kuna ngazi za mawe hadi usawa wa maji, kisha unakanyaga mashua inayotikisika. Mwambieni nahodha mapema, atamshika mkono. Mashua hazina paa. Aprili joto huwa kati ya nyuzi 5 na 14 hivi, na juu ya maji ni baridi zaidi, basi koti la mvua, skafu na soksi nzito. Madaraja ni ya chini sana. Usisimame kupiga picha.

Njia nyingine ya kumpunguzia mama mwendo ni gari la farasi. Huanzia Markt, lakini Jumatano asubuhi Markt ina soko na magari huhamia Burg. Mzunguko ni nusu saa na kusimama kidogo karibu na Begijnhof. Bei ni ya gari zima, yuro 60 hadi 70 na ushei, linabeba watu watano. Mkiwa wawili ni ghali. Mkiungana na familia nyingine inakuwa bei ya kawaida.

Jioni hiyohiyo, baada ya saa 12, nendeni Rozenhoedkaai. Hapo ndipo picha maarufu ya Brugge hupigwa: maji, nyumba za matofali, na mnara wa Belfort ukichungulia nyuma. Aprili jua huzama baada ya saa 2 usiku, kwa hiyo mwanga mzuri unadumu na mabasi yameshaondoka. Kumbukeni pia kwamba Magharibi huingia wakati huo, jambo linalowachanganya wengi wanaotoka nyumbani ambako saa 12 na nusu jua limeshalala. Pangeni chakula cha jioni kabla yake.

Jumatano muamke mapema. Saa 2 asubuhi nendeni Begijnhof, ambayo ilianzishwa mwaka 1245. Waliishi humo wanawake wacha Mungu ambao hawakuwa watawa wa kula kiapo cha maisha. Walikuwa na mali zao na waliweza kuondoka. Leo wanaishi humo masista wa Kibenedikto na wanawake wengine. Kuna uwanja wa nyasi, miti mirefu na nyumba nyeupe pande zote, na Aprili maua ya manjano huchipuka chini ya miti. Kuingia uwanjani ni bure, lango hufungwa jioni, na kibao kinaomba ukimya, kiheshimuni. Mkifika saa 5 mtakuta vikundi vitatu na waongozaji wao, na ukimya wenyewe, ambao ndio hasa kitu cha kuona pale, utakuwa umeshaondoka.

Dakika 5 kutoka hapo ni Onze-Lieve-Vrouwekerk, kanisa lenye mnara wa matofali wa mita 115. Ndani kuna sanamu ya Bikira Maria na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo mwanzoni mwa karne ya 16. Ukoo wa wafanyabiashara wa vitambaa, Mouscron, ndio ulioinunua na kuileta Brugge. Imeibwa mara mbili: na Wafaransa mwaka 1794, ikarudishwa baada ya Napoleon kushindwa, kisha na Wajerumani mwaka 1944, ikapatikana mwaka uliofuata ndani ya mgodi wa chumvi wa Altaussee nchini Austria. Watu hukosea hapa kwa namna mbili. Kwanza, wanaingia sehemu ya kanisa iliyo bure, wanazunguka, wanatoka, kumbe sanamu iko sehemu ya kulipia. Pili, wanatarajia kitu kikubwa. Sanamu ni ndogo, ina mita 1.28, na inatazamwa kwa mbali kidogo nyuma ya kizuizi. Mtazame yule mtoto: hakupakatwa kama kawaida, amesimama kati ya magoti ya mama yake, kama anayetaka kuteremka aondoke. Mnaotoka siku ya Jumapili jueni kwamba asubuhi ni ibada, watalii huingia mchana.

Ng'ambo ya barabara ni Sint-Janshospitaal, hospitali ya zama za kati iliyogeuzwa jumba la makumbusho. Kama mtaingia jumba moja tu, liwe hili. Wengi watakutajia Groeningemuseum kwanza, na ni kweli huko kuna mchoro mkubwa wa Jan van Eyck wa mwaka 1436, wa padri Joris van der Paele, ambao ukiusogelea unaona kila uzi wa joho. Mpenzi wa michoro asiukose. Lakini kwa mama, Sint-Jan ni bora: ni ukumbi mkubwa ambao wagonjwa walilazwa kweli, viti vipo, na kazi za mchoraji Hans Memling ziko palepale zilipowekewa, ikiwemo sanduku la Mtakatifu Ursula la mwaka 1489, dogo kama mfano wa nyumba, lililochorwa pande zote. Kuna kadi ya makumbusho ya saa 72. Pigeni hesabu kabla ya kuinunua. Kwa majumba mawili hairudishi gharama, kuanzia matatu au manne ndipo inalipa. Kila jumba lina siku yake ya kufungwa, na siku hizo hubadilika, basi tazameni tovuti ya mji wiki ile ya safari.

Belfort, mnara wa kengele, mama asipande. Nalisema bila kuzunguka. Ni mita 83 na ngazi 366, hakuna lifti, na kadiri unavyopanda ngazi zinazidi kuwa nyembamba mpaka mwishoni unashika kamba. Wanaopanda na wanaoshuka hutumia ngazi ileile, kwa hiyo mara kwa mara unabanwa ukutani kumpisha mtu, ukisimama kwa mguu mmoja. Ukiwa umefika nusu huwezi kugeuka kirahisi. Wewe peke yako panda, ukate tiketi ya muda maalumu mtandaoni, uchague muda wa kwanza kabisa wa asubuhi. Tiketi ni kama yuro 15. Njiani kuna vyumba vya kupumzikia: chumba cha hazina yenye makasha ya hati za mji, na juu zaidi ngoma kubwa ya shaba ya saa, yenye vijino vinavyovuta nyundo za kengele. Watu wengi huipita mbio wakiwahi juu. Ngoja pale mpaka robo saa igonge, uione ikizunguka. Kengele ni 47, na Jumatano saa 5 asubuhi mpigaji huzipiga kwa mkono. Wakati huo mama awe ameketi Markt au kwenye ua wa ndani wa Belfort akisikiliza, na hapo atakuwa amepata kilicho bora kuliko aliyepanda.

Chakula. Chipsi za Ubelgiji ni tamu kwa sababu hukaangwa mara mbili, mara ya kwanza kwa moto mdogo hadi kiazi kiive ndani, kisha hupumzishwa, kisha moto mkali. Lakini kwa desturi mafuta ni shahamu ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Kwenye vibanda viwili vya kijani chini ya Belfort msinunue kabla ya kuuliza mafuta gani hutumika. Kuna maduka mengine ya chipsi yanayotumia mafuta ya mimea na huandika hivyo. Stoofvlees, mchuzi mzito wa ng'ombe unaopendwa sana, hupikwa kwa bia. Kome huja kwenye sufuria nyeusi, mara nyingi kwa mvinyo mweupe, na hata wakiandika "natuur" uliza, kwa sababu wapo wanaotia. Kilicho salama na kizuri ni samaki: soli wa kukaangwa kwa siagi, na kroketi za uduvi wa kijivu, ambao huvuliwa pwani hiyohiyo. Ukitaka kuwaona wabichi, soko la samaki la Vismarkt hufunguliwa asubuhi za katikati ya wiki hadi Jumamosi, chini ya nguzo za mwaka 1821. Kwa nyama halali, maduka ya Waturuki na Wamoroko yapo nje kidogo ya njia ya watalii.

Majiko ya migahawa hufungwa. Chakula cha mchana ni saa 6 hadi saa 8 na nusu, cha jioni huanza saa 12. Mkifika saa 9 alasiri na njaa mtapata kahawa na keki tu, au mgahawa wa Markt unaopika mchana kutwa kwa bei ya watalii. Maji ya bomba ni salama lakini mezani hayaletwi bure. Utaletewa chupa ndogo na utailipia. Jazeni chupa zenu chumbani. Vyoo vya umma hulipiwa senti 50 hadi yuro moja, kwa hiyo sarafu zisikose mfukoni. Bahashishi si lazima, huduma imo kwenye bei.

Mchana wa Jumatano mji ukifurika, hamieni Sint-Anna. Ni dakika 10 tu kutoka Burg na watalii hawafiki. Kuna kanisa la Yerusalemu lililojengwa na ukoo wa Adornes karne ya 15 kwa kuiga Kaburi Takatifu, na jirani yake ni kituo cha lesi, Kantcentrum, ambako alasiri wanawake hukaa na mito yao wakirusha vijiti vya nyuzi kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Baada ya kuwatazama kwa dakika kumi mtaelewa kwa nini lesi ya kweli ya mkono ya ukubwa wa kiganja haiwezi kuuzwa yuro 5. Zile za bei hiyo madukani ni za mashine. Kutoka hapo ni hatua chache hadi kwenye tuta la Kruisvest lenye vinu vinne vya upepo, nyasi, na mabenchi. Jihadharini na baiskeli: nyingi zinaruhusiwa kupita kinyume hata kwenye mitaa ya upande mmoja, na hazina mlio.

Sasa Gent. Mchangiaji hakukosea kusema ni mji hai zaidi. Una chuo kikuu, na mchoro wa madhabahu wa ndugu Van Eyck wa mwaka 1432 katika kanisa la Sint-Baafs peke yake unatosha kuwa sababu ya safari. Uko katikati ya reli ya Brugge na Brussels, nusu saa hivi kutoka Brugge. Lakini kituo chake kiko mbali na katikati, lazima mpande tramu, na kuuona vizuri kunataka siku yake. Kuubandika kwenye njia ya kurudi na mama aliyechoka ni kuharibu miji miwili kwa mpigo.

Kama Jumatano jioni mna saa mbili za ziada, nitachagua Blankenberge, robo saa kwa treni. Kule kwenye barabara ya ufukweni kuna mnara wa mwaka 1900 wa askari wawili wa Kibelgiji, Lippens na De Bruyne, waliouawa Kasongo mwaka 1892 katika vita na Sefu, mwana wa Tippu Tip. Maandishi ya zama zile yanawaita mashujaa wa kupambana na biashara ya utumwa, na hayasemi dola iliyowatuma ilikuwa inafanya nini kwa watu wa Kongo. Kwa msomaji wa Kiswahili mwenye asili ya Maniema au Unguja, hiyo ni historia yetu iliyosimamishwa kwenye upepo wa Bahari ya Kaskazini, na tuisome kwa macho yetu. Angalizo la treni: baadhi hugawanywa Brugge, nusu ikienda Knokke na nusu Blankenberge. Tazameni maandishi ya behewa lenu kabla ya kukaa.

Mwisho chokoleti, maana zawadi lazima. Bei huandikwa kwa kilo, na kasha la gramu 250 linatosha familia ndogo. Epukeni zilizojazwa krimu mbichi kama mtakaa wiki zaidi Brussels kabla ya kurudi. Hizo hudumu wiki mbili tatu tu. Ulizeni pia zenye pombe ndani, zipo nyingi na kwa nje hazitofautiani. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, kwa hiyo kasha likae kwenye mkoba wa ndani ya ndege, katikati ya nguo, si kwenye begi linaloachwa juani uwanjani Dar au Mombasa. Kwa watu wa nyumbani nunueni za bapa, ngumu, zisizojazwa kitu. Hizo zikilainika kidogo njiani hurudi kuwa ngumu zikiwekwa mahali pa baridi, zinapata tu weupe juu, na weupe huo si ukungu, ni mafuta ya kakao yaliyopanda. Zinalika bila shida.